Jodari na Nyumba ya Mama

Kigombe, Tanga
9 Machi 1975

Dada Bhoke,

Shikamoo. Salamu hizi zinatoka kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Mimi ni mzima, sijui ninyi. Goti la mama linaendeleaje? Shemeji na watoto je? Na yule ng'ombe mweusi wa mama, ameshazaa au bado anatudanganya kwa tumbo?

Najua utauliza nimeacha lini mkonge. Nimeacha. Usimwambie mama ghafla, mwambie akiwa ameshakula. Unamkumbuka Kornelio, yule kijana wa Mbalibali niliyekuwa naye JKT, tuliyekuja naye huku kukata mkonge? Yeye ndiye aliyeanza. Alikuja Kigombe Jumapili moja kununua samaki, akarudi akisema kijiji cha ujamaa cha wavuvi kimepata boti ya mashine na kinatafuta vijana wenye mikono. Mikono ninayo. Jumatatu mkonge ulitungoja mpaka ukachoka.

Nahodha wetu ni mtu wa hapahapa, anaitwa Kombo. Mfupi, maneno machache, kicheko kingi. Alituuliza kama tunajua kuogelea. Kornelio akadanganya kwamba anajua. Mimi nikasema mto wa kwetu una mamba, na anayeogelea humo tunamfunga kamba tukidhani ameugua kichwa. Kombo akacheka, akanipa mshipi wa kuvulia nishike.

Dada, jodari si samaki kama wale sato wanaoletwa sokoni Tarime. Ni mnyama. Ukimpasua damu inatoka nyekundu kama ya ndama, nyama yake nyekundu, na mwili wake una joto. Tunamfuata mbali, mpaka milima ya Usambara inazama nyuma yetu. Huko mawimbi yanakuja yakiwa marefu kuliko nyumba ya shule. Kornelio alitapika hata uji wa jana yake. Kisha tukaona ndege wengi wanashuka mahali pamoja, Kombo akageuza boti, na mshipi ukanivuta mkononi kama fahali aliyeona jike. Nilipiga kelele za kwetu, zile za kufukuza wezi wa ng'ombe. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Unajua mimi situlii. Tata, Mungu amrehemu baba yetu, alikuwa akisema nimezaliwa na siafu ndani ya suruali. Nakwambia kweli, mle ndani ya boti, ambamo hakuna kitu kimoja kilichotulia, nilitulia.

Mwambie mama nitakuja baada ya mavuno.

Mdogo wako,
Mseti


Itiryo
20 Aprili 1975

Mdogo wangu Mseti,

Marahaba. Barua yako mwalimu mkuu alinipa mbele ya darasa langu la kisomo, na wazee wangu wote wakataka niisome kwa sauti. Niliwasomea salamu tu, nikawaambia yaliyobaki ni siri za serikali. Sisi tu wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi za baridi. Ng'ombe mweusi amezaa jike.

Nilimsubiri mama amalize ugali kama ulivyoagiza. Aliposikia kwamba mwanawe ni mvuvi aliuliza kama hao watu wa bahari wanatahiri. Nikamwambia wanatahiri. Akasema basi afadhali. Lakini habari za samaki mwenye damu ya ndama hakuzipenda hata kidogo. Anasema mnyama wa namna hiyo lazima ana mwenyewe, na mwenyewe siku moja atamdai.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu tuhamishiwe hapa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari na kwa kila nyumba balozi wa nyumba kumi anauliza mwenyewe ni nani. Mama alisema mwenye nyumba ni Mseti. Balozi akauliza Mseti yuko wapi. Mama akajibu anakuja. Baba mdogo Heche alikuwa amesimama hapo, akatabasamu. Unalijua tabasamu la Heche. Wakati tata anazikwa alitabasamu hivyohivyo akiliangalia zizi.

Ng'ombe walionioa mimi bado wako kwa mama, na desturi unaijua: dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomuolea ndugu yake. Ni wako. Heche anapita kwa wazee akisema ng'ombe wanakaa bure kwenye nyumba isiyo na mwanamume, na nyumba ya namna hiyo hurudi kwa ndugu wa marehemu. Akifanikiwa mama atalala wapi? Jikoni kwa Heche, akipuliza moto wa mke mdogo.

Jingine. Jirani yetu Wegesa, yule mjane aliyezaa mabinti watupu, ameoa msichana. Nyumba ntobhu, kama wazee wetu walivyofanya: katoa ng'ombe wake mwenyewe, msichana kaja kumzalia wajukuu kwa niaba ya mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kuwapo. Mama anamtazama yule mkamwana wa Wegesa akipita na ndoo kichwani mpaka mimi naona haya. Lakini hiyo ni njia ya asiye na mtoto wa kiume. Mama anaye, yuko kwenye jodari.

Njoo, mura, kijana wa nyumba. Oa, watu wakuone, kisha ukitaka urudi kwenye maji yako.

Dada yako,
Bhoke


Kigombe
30 Juni 1975

Dada yangu,

Shikamoo tena na tena. Hali yangu nzuri isipokuwa midomo imepasuka kwa chumvi. Natumaini hamjambo nyote, na goti limepata nafuu, na huyo ndama jike ananyonya vizuri.

Yote uliyoandika nimeyaelewa. Usifikiri sijali. Nilisoma barua yako nikatembea ufukweni mpaka viatu vikajaa mchanga, na nikaamua kuondoka wiki ileile. Nilikwenda kumuaga Kombo. Nikamkuta anafunga ndoana mpya, akasema jodari wamepita jana karibu na mkondo wa Pemba, weusi kama mvua. Dada, nifanye nini? Nikasema nitoke mara moja tu.

Hiyo mara moja nikusimulie. Tulikuwa wanne: Kombo, Kornelio, mtengeneza mashine wetu na mimi. Bahari ilichafuka tukiwa tayari na samaki wakubwa ndani. Maji yakaingia mbele, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Kombo akatupa kila mtu kazi bila kupandisha sauti. Kornelio na mimi tulichota maji kwa madebe na kumwaga nje, tunachota yanaingia, tunachota yanaingia. Kornelio akaanza kuimba wimbo wa kwao wa harusi, wa kumcheka bwana harusi mzembe, na mimi nikaitikia ingawa sielewi nusu ya maneno. Wimbi likija tunanyamaza, likipita tunaendelea tulipoachia. Mashine ilipoamka tulikuwa tumechoka kiasi kwamba tulicheka kila kitu, hata Kombo alipojigonga goti. Jodari hatukuwatupa. Tuligawana kichwa cha mmoja palepale ufukweni, tukakichemsha kwa ndimu, na sijawahi kula na watu namna ile tangu siku tulipotoka jandoni.

Nikikaa nchi kavu siku mbili miguu inaniwasha. Naamka, nakwenda mlangoni, narudi. Hata nikiwa hapa nataka kuwa kule, na nikiwa kule nawakumbuka ninyi. Sijui ni ugonjwa gani.

Mwezi wa nane nitakuwa nyumbani. Mwambie Heche aendelee kutabasamu, meno yatapata baridi.

Mdogo wako,
Mseti


Itiryo
14 Septemba 1975

Mseti,

Sisi wazima. Wewe nadhani mzima, maana mwenye shida huandika.

Mwezi wa nane umepita. Mama aliwaambia majirani unakuja, akapika pombe ya mtama, akakandika upya kile chumba cha mbele. Kila basi lililofika alimtuma mwanangu barabarani. Pombe imechacha, tumewapa wazee wa barabarani wakainywa hivyohivyo na kumsifu.

Heche amepeleka maneno yake rasmi kwa wazee wa ukoo. Wamempa mama mpaka mvua za mwakani. Ukiwa umekuja na umeoa, nyumba ni yako. Usipokuja, ni yake.

Umechelewa. Mtoto wa kiume mmoja katika nyumba nzima, naye amechelewa. Siku hizi nikisikia watu wanasifu uhodari wako nataka kuwapiga.

Dada yako,
Bhoke


Kigombe
2 Desemba 1975

Kwa dada mpendwa Bhoke,

Natumai barua hii itakukuta katika hali ya uzima na afya njema, na kama ndivyo basi nitamshukuru Mwenyezi Mungu. Hapa hali ni njema na kazi inaendelea kwa bidii. Samaki wanapatikana.

Naomba radhi kwa kutofika nyumbani kama nilivyoahidi. Kulikuwa na kazi nyingi za kijiji. Nitajitahidi kuja wakati wowote nafasi ikipatikana. Msiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Wasalimie mama, shemeji, watoto, majirani na mifugo yote.

Ni mimi ndugu yako,
Mseti


Itiryo
18 Januari 1976

Kwako wewe usiyejulikana, uliyeandika kwa jina la ndugu yangu,

Nakusalimu, kwa sababu nimefundishwa kusalimu hata nisiyemjua. Kama ni wewe Kornelio, nakusalimu kwa jina lako.

Mseti nilimfundisha mimi kuandika, kwa kijiti, kwenye vumbi la zizi, kabla hajaanza shule. Herufi zake zimelala upande kama mtama baada ya mvua ya mawe. Zako zimesimama kama askari. Na Mseti hajawahi kusalimia mifugo yote. Yeye humsalimia ng'ombe mmoja na kuuliza habari za tumbo lake.

Kabla ya barua yako, Waitara wa kijiji chetu, ambaye ni polisi, alikuja likizo akasema mwezi wa kumi boti moja ya wavuvi ilizama huko Tanga, wakafa wote. Tukasema boti ni nyingi. Tukamwambia mama asisikilize. Kisha barua yako ikafika, nikaifungua shuleni, na siku ile sikuweza kupita mstari wa pili; niliimaliza kesho yake.

Najua ulitaka kutuficha machungu. Umefanya wema wa watu wa kwenu pengine. Kwetu kifo husemwa, ili watu walie na kumaliza. Kama mwili ulipatikana, naomba uniambie ulipozikwa. Kama haukupatikana, sema hivyo.

Mama amenyoa nywele. Matanga yalikuwa bado hayajaisha Heche alipokuja kusimama kwenye uzio wa zizi. Mama alitoka na kichwa chake kitupu akamwambia, mbele ya waombolezaji, "Shemeji, nyumba yangu haijafa. Mtoto wangu alikuwa na ng'ombe wake, na ng'ombe wake wataoa." Wazee walikubali, maana hiyo ni haki yake na desturi inamlinda. Msichana anaitwa Ghati, wa Nyakunguru. Ataingia mwezi ujao kwa jina la nyumba ya Mseti, na atakaowazaa watakuwa wa nyumba hiyo.

Alikuwa mdogo wangu wa pekee. Kama alikuachia neno lolote, niandikie.

Bhoke, dada yake


Kigombe
27 Aprili 1976

Dada Bhoke,

Shikamoo. Niko hai.

Tazama mwandiko. Mbaya kama wa mtoto, lakini ni wangu, wa mkono wa kushoto. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Barua yako ilikuwa imelala ofisini kijijini miezi yote hii. Sisi tulikuwa tumepiga kambi upande wa Pemba, mimi ni mpishi wao tangu niumie, na hakuna aliyetuletea. Jana Kornelio aliisoma kwanza, akaniletea huku analia. Ile boti iliyozama ilikuwa ya kijiji kingine. Nilikuwa nawajua wawili kati ya wale watu.

Nilipata ajali mwezi wa kumi. Nilikuwa nimekwisha kuaga, dada, naapa, nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko. Kombo alisema bahari ni chafu, tusiende mbali. Mimi ndiye niliyesema twende, ni safari yangu ya mwisho, mniage vizuri. Kwa ajili yangu wakakubali.

Kombo alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza: mshipi unaushika, huufungi mkononi. Nilikuwa nalijua neno hilo. Lakini siku ile jodari mkubwa kuliko wote niliowahi kuona akanasa kwenye mshipi wangu, wimbi likatuinua, mguu ukateleza, na mkono wangu ukafanya ulichofundishwa utotoni. Nikazungusha mshipi kiganjani mara mbili, kama tunavyoshika kamba ya fahali asituponyoke. Mkurya yeyote angefanya hivyo. Fahali ukimzungushia kamba anachoka, na ukikanyaga vizuri chini anakuheshimu. Jodari hana chini. Alikwenda zake kilindini akanivuta mpaka kifua kikawa nje ya boti, Kornelio ameshika mkanda wangu, na Kombo akakata mshipi kwa kisu. Vidole viwili vya kulia vilikwenda na samaki. Cha tatu walikikata hospitali.

Sikutaka mama ajue. Nitakamuaje? Nitashikaje fimbo mbele ya wazee? Nilimwambia Kornelio aandike kwamba nipo salama na asiseme la mkono, nikijua nitakuja kueleza mwenyewe. Yeye akaandika kama alivyofundishwa shule ya misheni. Usimlaumu.

Sasa nakuja, na safari hii nakuja kweli. Mwambie mama aache kulia. Huyo msichana wa Nyakunguru mrudisheni kwao, ng'ombe warudi zizini. Mimi ndiye mwenye nyumba. Nitaoa mwenyewe kwa macho yangu.

Mdogo wako, hai,
Mseti


Itiryo
13 Juni 1976

Mseti, mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Ninaandika na karatasi inaloa, usijali. Mama nilimkuta shambani. Nilimwambia wima, sikungoja ale. Alikaa chini kwenye mtaro. Kisha akataka kujua ni vidole gani, nikamwonyesha kwenye mkono wangu, akavishika vyangu mpaka jua likawa kali. Tumefanya vile wazee wanavyofanya kwa mtu aliyeliliwa akiwa hai. Mbuzi amechinjwa. Ukija usiingie kwa mlango wa mbele mpaka uitwe.

Sasa nifike kwa Ghati, ambaye umemwandikia nusu mstari kama vile ni gunia lililoletwa nyumba isiyo yake.

Ghati aliwahi kuolewa. Mwanamume alimpiga mpaka sikio la kushoto halisikii, akakimbia kwao, wakamrudisha, akakimbia tena. Wazazi wake walipomrudishia yule mtu ng'ombe zake, akasema haolewi tena. Mama alipokwenda Nyakunguru kuposa, Ghati aliuliza jambo moja tu, kama kweli nyumba hiyo mwanamume amekufa. Mama akamwambia amekufa. Akasema basi nitakuja.

Amekuja na mama amepona, Mseti. Sijui niseme vipi. Wanalima pamoja, jioni anamkanda goti kwa mafuta, wanagombana juu ya chumvi na kucheka. Kile chumba cha mbele analala yeye. Na ana mimba. Ya nani haituhusu, desturi haiulizi. Mtoto ni wa nyumba.

Wazee wamekaa. Wamesema, kwa kuwa u hai, ng'ombe waliotoka ni wako, basi mke ni wako na mimba ni yako. Ukitaka umchukue uwe mumewe. Ukitaka umrudishe, kwao wamesema hawampokei tena. Heche naye ameunga mkono kwa furaha nyingi, maana anajua wewe hukai, na mwanamke akiondoka na wewe ukirudi baharini nyumba itabaki tupu kama alivyotaka mwanzo.

Nilimuuliza Ghati anasemaje. Aliendelea kupepeta ulezi mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mimi nilitolewa ng'ombe na mama. Sikuolewa na mtu, nimeolewa na nyumba. Huyo akija nitampikia kama mgeni wa mama. Akija kama mume, nitaondoka usiku huohuo na tumbo langu, na sitajua ninakokwenda."

Mama anakutaka wewe na anamtaka yeye, na anajua hawezi kuwataka wote wawili kwa sauti. Ameniambia niandike neno moja: aje.

Neno la mwisho wazee wanalingoja kinywani mwako. Mimi sikushauri. Nikikushauri nitasema kama dada yako, na dada yako anataka ukae hapa mpaka uzeeke.

Dada yako,
Bhoke


Kigombe
21 Novemba 1976

Dada Bhoke,

Shikamoo. Nilifika salama, nikawakuta Kombo na Kornelio wazima. Mama hajambo? Ghati je, ameshajifungua? Shemeji na watoto nawasalimu wote.

Unisamehe kwa kuondoka asubuhi ile ukiwa shambani. Nilijua ukija stendi utaniuliza yaliyosemwa kwenye kikao cha wazee, nami nisingeweza kuyasema nikiwa nimesimama. Ninyi wanawake mlikuwa nje ya uzio, mkaona tu watu wanatoka. Sasa nakuandikia yalivyokuwa.

Lakini nianze na siku ya kwanza. Nilipoitwa ndani, mama alikaa karibu nami, hakuniachia mkono mbovu. Ghati ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Alinimiminia polepole, akaona mkono, akangoja mpaka nikamaliza kunawa kile kilichobaki. Akanisalimia kama mnavyosalimia wageni kutoka mbali, akageuza sikio lake zima kusikia nilivyoitikia. Halafu akaenda akasimama mahali ambapo mlango ulikuwa nyuma yake. Nilikaa pale siku zote zile, na kila nilipoingia chumba alichokuwamo alihama akasimama karibu na mlango. Dada, mimi sijawahi kumwinulia mtu mkono. Lakini nilikuwa natisha.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kusema. Njiani kote, kutoka Tanga mpaka Musoma, nilikuwa najiona nimekaa kwenye kigoda cha tata.

Kikaoni Heche alizungumza kwanza, kwa upole, kwamba mtoto amerudi, basi apewe mke wake na mambo yaishe. Wakanigeukia. Nikasema: "Huyu ni mkamwana wa mama yangu. Alimwoa kwa ajili ya nyumba yake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo. Mimi sidai mke, sidai zizi."

Heche akaniuliza, "Na wewe hapa utakuwa nani?"

Nikamjibu kwamba nitakuwa mgeni wa mama.

Mzee mmoja, yule mwenye jicho moja, alinionya. Akasema neno hili likipita halirudi, nyumba haiwezi kuwa na wenyewe wawili, na siku mama akifa nisije na rungu kudai. Akaniuliza mara ya pili kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Heche hakutabasamu, hilo angalau nilifurahi kuliona. Nyumba ya mama hataigusa tena, wazee wote wamesikia.

Nikatoka nikamwambia mama mwenyewe. Alikuwa anafunga ndama. Alisema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Alilia kidogo, akaniombea. Akanifungia karanga za safari. Na nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye mti wa balozi, akashika uso wangu, akanitakia safari njema, akarudi. Nilisimama kumtazama. Tangu nimeanza kuondoka nyumbani, nikiwa JKT, nikiwa kwenye mkonge, kila mara mama huniuliza jambo moja kabla sijatoka: utarudi lini? Safari hii hakuniuliza.

Simlaumu. Alikwisha kunililia na kumaliza, na nyumba yake ina watu. Nilitaka iwe hivyo. Nilisema kwa kinywa changu.

Juzi tulitoka kufuata jodari. Siwezi tena kushika mshipi, siku hizi nashika usukani, Kombo amenifundisha kuuendesha kwa kifua na mkono wa kushoto. Bahari ilichafuka tukiwa mbali, kama ile siku ya madebe. Kornelio akaanza wimbo wake. Mtengeneza mashine akapiga kelele turudi, mke wake atamuua asipofika, tukacheka wote. Kombo akasema hata yeye wa kwake alimwambia asichelewe. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumtaja. Nikafungua mdomo na sikupata jina. Nikajikuta nimeulalia usukani nisiweze kuugeuza, dada, mimi niliyekuwa nikiimba ndani ya mawimbi. Kombo aliona, akaja akashika pamoja nami mpaka tukaingia bandarini.

Miaka yote hii nilidhani ni ujasiri. Nilikuwa nachelewa kwa sababu nilijua nasubiriwa. Mama anatazama barabara, wewe unanitukana kwa wino wa shule, pombe inachacha, na mimi huku nacheza na bahari kwa raha zangu. Sasa niko huru kama nilivyotaka siku zote, na usiku sipati usingizi, natoka mlangoni, narudi, natoka tena.

Sitabadili neno langu. Ghati akae, azae, na asimame popote anapotaka ndani ya nyumba yake. Nikija tena nitafikia kwako, kama shemeji atakubali.

Nakuomba kitu kimoja. Ukipata nafasi niandikie. Usiandike kwa upole kama ulivyoandika mwezi wa sita. Nigombeze. Niambie nimechelewa.

Mdogo wako,
Mseti